Kufundisha wasichana programu kwa roboti: anza na salamu

Darasa langu la kwanza niliwasha NAO, roboti ndogo yenye umbo la mtu, nikaiacha icheze ngoma. Wasichana wakapiga makofi na picha, kipindi kikaisha, na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja. Siku hizi roboti haitoki sandukuni mpaka hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Igizeni. Wagawe wawili wawili: mmoja roboti, mwingine mgeni. Roboti husema yale tu yaliyoandikwa kwenye karatasi yake. Imeandikiwa "Hujambo?" kisha "Nafurahi kusikia." Mgeni akijibu "sijambo", shwari. Akijibu "naumwa kichwa", roboti hufurahi vilevile, na darasa zima huangua kicheko. Hapo hapo leta sharti: ikiwa jibu ni hili, sema hivi, la sivyo, sema vile. Wataanza wenyewe kubishana kuhusu majibu mengine, na karatasi itajaa mishale. Usiwakatize, hata kipindi kizima kikiisha. Gari la roboti nalo hufundisha sharti, likiona ukuta lipinde, lakini ukuta hauna majibu ya ajabu.

Hatua ya 2: Rekodini sauti. Kiswahili hakimo katika lugha za NAO. Ukiiandikia "shikamoo" itaitamka kigeni. Basi wasichana warekodi maneno yao wenyewe kwa simu, kila jibu faili lake. Kwa kuwa roboti haitawaelewa wakiongea, tumieni kichwa chake, ambacho kina vihisi vitatu vya kugusa: mbele kwa "sijambo", nyuma kwa "naumwa", katikati kwa jibu watakalolibuni.

Hatua ya 3: Unganisheni visanduku. Choregraphe, programu ya kompyuta ya kuipangia NAO kazi, hutumia visanduku vinavyounganishwa kwa mistari, kwa hiyo ile mishale ya karatasini inahamia kwenye skrini karibu ilivyo. Ina pia roboti ya kwenye skrini: jozi zinazosubiri zamu zijaribu mienendo humo.

Hatua ya 4: Fungueni kisanduku. Vingi ndani yake vina msimbo wa Python, lugha ya kuandikia programu. Wape kazi moja: roboti ikiguswa mara ya tatu ilalamike. Itabidi ihesabu, na bila kibadilika (jina linalotunza thamani inayoweza kubadilika) haiwezi kukumbuka imeguswa mara ngapi. (Katika hatua hii utasikia "hii roboti" ikigeuka "huyu roboti". Mimi huwaacha.)

Kinanda cha kompyuta kibadilishwe mikono kila baada ya dakika kumi, kwa saa, si kwa hisani. Msichana mpole atasema "endelea tu, mimi naangalia" mpaka muhula uishe.

Mwisho, NAO ina urefu wa sentimita 58 na huanguka, basi ifanyie kazi sakafuni, si mezani. Ikisimama sana mota za miguu hupata moto. Ikalishe, uilegeze viungo, mwendelee na karatasi hadi ipoe.