Jinsi ya Kumpata na Kumtambua Mkesha wa Milimani, Kuanzia Nakuru

Anayemtafuta mkesha wa milimani, ambaye wanasayansi humwita Turdus abyssinicus, na aanze kwa kutazama chini. Ndege huyu mwenye urefu wa sentimita 22 hivi hupata sehemu kubwa ya chakula chake ardhini: hukimbia hatua chache, husimama wima, kisha huyapekua majani yaliyooza kwa mdomo hadi wafichuke nyungunyungu, wadudu au konokono. Kwa sababu hiyo mara nyingi husikika akichakura chini ya kichaka kabla hajaonekana. Matunda pia huyala, na ukikuta mti wa porini ulioiva, heri kutulia karibu nao kuliko kuuzunguka msitu mzima. Nenda alfajiri, hasa mvua ikiwa imenyesha usiku, kwa kuwa nyungunyungu hukaribia uso wa udongo uliolowa.

Mji wa Nakuru, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, unamfaa. Mtafute kwenye miti ya Menengai, kwenye misitu ya Mau na hata katika bustani zenye vivuli. Ukiteremka hadi Kisumu, kwenye mita 1,100 na ushei, utakayemwona huwa ni jamaa yake, Turdus pelios, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa.

Ili kuwatofautisha, elekeza darubini kwenye jicho kwanza. Mkesha wa milimani ana ngozi ya rangi ya chungwa kulizunguka jicho, mdomo wa rangi hiyohiyo, mgongo wa kahawia iliyokolea na tumbo lenye wekundu wa kutu. Yule wa Kisumu amepauka zaidi, hana duara hilo, na katikati ya tumbo lake ni peupe. Ndani kabisa ya misitu ya Mau na Mlima Elgon yupo wa tatu, Geokichla piaggiae, mwenye mdomo mweusi, duara jeupe machoni na madoa meupe mabawani. Usiyategemee madoa ya kifuani, maana kinda wa mkesha wa milimani naye anayo.

Mwenye ua mkubwa Nakuru anaweza kumvuta nyumbani bila gharama: asifagie wala kuchoma majani yaliyoanguka chini ya miti, na asinyunyize dawa za wadudu hapo.