Kupima uhalisi wa vibadala vilivyoandikwa kwa mkono katika nota za Chopin

Noktuni (kipande tulivu cha piano) ya mtunzi Chopin, Op. 9 Na. 2, ilichapishwa Leipzig, Paris na London kati ya 1832 na 1833. Hata hivyo, zipo nakala za wanafunzi wake zilizoongezewa mapambo (nota za kurembesha wimbo) kwa mkono, hasa pale wimbo mkuu unaporudi na katika kadensa ya mwisho, yaani kifungu huru cha mapambo kabla ya kumalizia. Nyongeza hizo huitwa vibadala zinapotoa namna nyingine ya kupiga mahali palepale. Somo hili linahusu namna ya kuamua kama maandishi ya aina hiyo yametoka kwake.

Hatua ya 1. Itambue nakala yenyewe kabla ya kutazama alama za penseli. Kampuni ya uchapishaji ya Schlesinger ya Paris iliingia mikononi mwa Brandus mwaka 1846. Kwa hiyo nakala yenye jina la Brandus haikutumika katika masomo ya miaka ya 1830, hata kama familia inayoimiliki inasimulia hivyo. Nakala za Jane Stirling, Mskoti aliyefundishwa na Chopin miaka ya 1840, na za Camille Dubois, mwanafunzi wake mwingine, zimo katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, na zinafaa kuwa kipimo cha nyingine.

Hatua ya 2. Tenganisha sahihisho na kibadala. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa kuwa kila alama ya penseli huwavutia kama siri iliyofichuka. Linganisha matoleo matatu ya kwanza: ikiwa nota iliyoongezwa kwa mkono katika nakala ya Paris tayari imechapishwa katika ile ya Leipzig, yaelekea Chopin alikuwa akirekebisha kosa la uchapaji tu, wala hakubuni jambo jipya.

Hatua ya 3. Chunguza mwandiko ukiulinganisha na miswada isiyo na shaka kuwa ni ya Chopin. Kadensa nzima hutoa ushahidi wa kutosha. Alama moja ya msalaba au tarakimu inayoonyesha kidole cha kutumia haimtambulishi mtu yeyote.

Hatua ya 4. Usikilize muziki. Piano za Pleyel alizozipenda zilikuwa na funguo pungufu ya 88 za leo, hivyo pambo linalopanda hadi ufunguo wa mwisho wa piano ya sasa ni la mtu mwingine.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, je, kibadala kilichoandikwa na mwanafunzi hakina thamani?
Jibu: Kinaweza kuwa nayo. Wilhelm von Lenz na Karol Mikuli, wote wanafunzi wake, walihifadhi mambo waliyoyapokea kwake. Nakala mbili zisizohusiana zikikubaliana, ushahidi ni mzito. Lakini ikiwa ya pili ilinakiliwa kutoka ya kwanza, shahidi bado ni mmoja.

Swali: Vibadala viwili vya mahali pamoja vikithibitika kuwa vyake, kipi ndicho sahihi?
Jibu: Vyote viwili, kwani hakuna ulazima kwamba pambo alilompa mwanafunzi mmoja lilifuta alilompa mwingine. Mhariri mwaminifu huvichapisha juu ya mstari mkuu na kutaja nakala vilikotoka. Binafsi sipendi kusikia mpigaji akivirundika vyote katika onyesho moja.

Swali: Picha za intaneti zinatosha?
Jibu: Kwa hatua ya 1 na ya 2, mara nyingi zinatosha. Kwa mwandiko, hapana: penseli iliyofutwa huonekana vizuri zaidi karatasi ikimulikwa kutoka ubavuni, na katika picha isiyo na rangi wino uliopauka hufanana na penseli.