Jinsi ya kupika zege jepesi nyumbani kwa mafuta vijiko viwili tu

Wadau wa zege, yaani chipsi mayai, hii ni ya kwenu. Mi nauza chipsi huku Mbeya, banda langu liko upande wa Mwanjelwa, kwa hiyo ninachoandika hapa kinanigusa mfuko mwenyewe, ila nina wateja kibao walioambiwa wapunguze mafuta na sasa hivi wanapita wanasalimia tu wanameza mate, na wengine wameamua kuacha kabisa wanakula viazi vya kuchemsha huku wamenuna. Hakuna haja ya kununa. Utamu wa zege hauko kwenye mafuta, uko kwenye ile ngozi ya nje ya kiazi iliyoiva rangi ya kahawia, chumvi kidogo, na yai lililoshika kila kona. Hivyo vyote unavipata bila kuzamisha kiazi.

Kwanza ujue mafuta yanaingiaje. Chipsi ikiwa ndani ya karai inachemka, mvuke unatoka kwa nguvu na unayasukuma mafuta nje, sasa ukishaiopoa inaanza kupoa, mvuke unakata, na yale mafuta yaliyobaki juu yananyonywa ndani. Sisi wa mabandani tunakaanga mapema tunarundika kwenye kabati la vioo, mteja akija tunazirudisha kwenye mafuta zipate moto, alafu akisema zege tunaweka mafuta mengine kwenye kikaango ndo tunamimina mayai. Hesabu mwenyewe hapo kiazi kimeoga mara ngapi. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kama kalori 120, iwe alizeti iwe mawese, kwenye kalori hakuna mafuta mepesi, usidanganywe na lebo.

Mahitaji ya watu wawili: viazi mviringo vitatu vya ukubwa wa ngumi, mayai manne, kitunguu kimoja, karoti moja, nusu hoho, chainizi fungu dogo, mafuta vijiko viwili vya chakula kwa kazi nzima, siki kijiko kimoja, chumvi. Nyanya, tango na limao vya kachumbari.

Hatua ya 1, viazi. Hapa watu wa nyanda za juu tumebarikiwa, viazi vya Uporoto, Makete na Njombe vinashuka sokoni karibu mwaka mzima, ila sio kila kiazi kinafaa. Unataka kile kikavu chenye unga. Kikate katikati, sugua vipande viwili pamoja, ukiona vinatoa povu jeupe na vinataka kugandana hicho ndo chenyewe, kikitoa majimaji tu hicho peleka kwenye mchuzi. Chenye ubichi wa kijani kwenye ganda achana nacho. Alafu kuna jambo la baridi, mwezi wa sita na wa saba huku kwetu viazi vikikaa sehemu ya baridi sana (au ukiviweka friji vikiwa vibichi) wanga wake unageuka sukari, ukikaanga vinakuwa vyeusi haraka kabla havijaiva na vina kautamu ka ajabu. Viweke jikoni penye giza na hewa, sio friji.

Hatua ya 2, kukata. Menya, kata vipande vinene vya unene wa kidole. Vyembamba vinapendeza machoni lakini vina eneo kubwa la kushika mafuta, vinene vinashika kidogo na ndani vinabaki laini. Osha mpaka maji yatoke safi yasiyo na ukungu, ule wanga wa juu ndo unaofanya vigande chini ya sufuria.

Hatua ya 3, kuchemsha. Usiruke hii. Weka viazi kwenye maji ya baridi, chumvi kidogo na kile kijiko cha siki, siki inasaidia vipande visimeguke hata vikiiva vizuri. Ndugu yangu wa Dar ukisoma mahali dakika tano ni sawa kwako, ila huku Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo toka yanapoanza kutokota hesabu saba au nane, na ukiwa Njombe ongeza tena. Usiamini saa, amini kisu, ncha iingie bila kulazimisha lakini ukinyanyua kipande kisikatike.

Hatua ya 4, kukausha. Mwaga maji yote, rudisha sufuria kwenye moto mdogo bila mfuniko kama dakika moja huku unatikisa, utaona viazi vinaanza kuwa na vumbi jeupe juu na kingo zinachanika chanika. Hizo kingo ndo zitakuja kuwa kavu zinalia mdomoni. Tandaza kwenye ungo vipoe mvuke uishe. Kiazi kilicholowa hakiwezi kuwa na rangi, kitabaki kinatoa mvuke tu mpaka ukate tamaa uongeze mafuta, na hapo umerudi kule kule kwangu bandani.

Hatua ya 5, kupalia. Chukua sufuria zito au fraipeni pana yenye mfuniko wa bati, ipate moto kwanza, weka kijiko kimoja na nusu cha mafuta, mimina viazi, tikisa kila kipande kipate mafuta, panga safu moja visipandane. Funika, chota makaa yaliyoshika vizuri weka juu ya mfuniko kama unaoka keki, na chini punguza makaa yabaki machache, moto mwingi uwe juu. Baada ya dakika nane hivi inua mfuniko taratibu majivu yasidondoke, utakuta matone ya maji upande wa ndani, yafute kwa kitambaa kikavu, geuza viazi, rudisha. Kufuta hayo maji watu wanaona usumbufu ila ndo tofauti ya kiazi kilichobanikwa na kiazi kilichochemshwa mara ya pili. Dakika kumi nyingine unakuta rangi imekuja. Mwenye oveni tumia moto mkali nyuzi 220, mwenye gesi tumia fraipeni isiyoshika bila mfuniko na uwe na subira, usigeuze geuze kila sekunde. Chumvi nyunyiza sasa hivi, vikiwa vya moto, ikikaa juu ulimi unaipata haraka kwa hiyo kidogo inatosha.

Hatua ya 6, mayai. Piga mayai yote manne na viini vyake, mambo ya kutupa kiini siyaungi mkono, zege la ute mtupu ni huzuni, labda kama umeambiwa na daktari wako. Kwaruza karoti, katakata kitunguu, hoho na chainizi nyembamba sana. Chainizi ukiosha ikamue, maji yake yanaharibu yai. Nusu kijiko cha mafuta iliyobaki weka kwenye kikaango, kaanga kitunguu na karoti kidogo, mboga nyingine zikinywea weka viazi, sambaza, mimina mayai kuzunguka kuanzia pembeni. Tikisa kikaango yai lishuke chini. Likishika pembeni funika kwa sahani bapa, geuza kikaango juu chini kwa mara moja bila kusitasita, alafu telezesha lirudi upande wa pili. Mboga ziwe nyingi kweli kweli, karibu nusu ya viazi, ndo zinafanya sahani ijae na wewe ushibe.

Kwa mtu mmoja hapo unakula kama kalori 500, viazi karibu 190, mayai mawili 145, mafuta 120, na zinazobaki ni za mboga. Chipsi za kuzamisha peke yake, gramu 100 inaenda kama kalori 300, na kiukweli kiasi fulani cha tofauti na kiazi cha kuchemsha ni maji yaliyokauka, sio mafuta yote, ila bado sahani ya bandani kabla ya mayai inakuwa imeshakupita.

Pembeni weka kachumbari ya limao na pilipili, na tomato sosi ya chupa punguza maana ina sukari na chumvi. Waliozoea mayonezi chukueni mtindi wa Tukuyu, uchujeni kwenye kitambaa safi masaa mawili, tia kitunguu saumu kilichopondwa, limao na chumvi chembe. Parachichi nalo zuri na huku ni bei rahisi, ila lenyewe lina mafuta mengi japo mazuri, vipande viwili vitatu vinatosha, sio tunda zima alafu useme unafanya dayati.

Mwenye kisukari ajue viazi ni wanga tu hata ukivipika bila tone la mafuta, chukua kiazi kimoja badala ya kimoja na nusu, ongeza mboga. Na ukitaka kurahisisha asubuhi chemsha viazi usiku, vikaushe, vikipoa viweke friji (vikishaiva friji ruksa), kesho yake unaanzia hatua ya 5 na vinakamata rangi haraka zaidi kwa sababu vimekauka.