Jinsi Wanafunzi wa Uuguzi Wanavyoweza Kushirikiana na Vikundi vya Jamii Kuboresha Afya ya Kaya Mkoani Dodoma

Mwanafunzi wa uuguzi hukaa kijijini kwa muda wa mafunzo ya vitendo tu, kisha hurudi chuoni, ilhali kikundi cha VICOBA (cha kuweka na kukopeshana fedha), kamati ya afya ya kijiji na mhudumu wa afya ngazi ya jamii hubaki pale pale. Kwa sababu hiyo, mpango wowote wa kuboresha afya ya kaya unapaswa kuwa mali ya wale wanaobaki, na mwanafunzi awe msaidizi wao mwenye ujuzi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wakufunzi na viongozi wa wanafunzi wanaojiandaa kwenda katika vijiji na mitaa ya Dodoma.

Anzeni na barua ya utambulisho ya chuo kwa Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Jiji, nakala zikienda kwa Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kijiji au Mtaa, na zahanati iliyo jirani. Baada ya hapo, ulizeni ni kikundi gani tayari hukutana mara kwa mara bila kusukumwa na mgeni. Kinaweza kuwa VICOBA, umoja wa wanawake wa kanisani, akina mama wa msikitini kwa upande wa Kondoa, au chama cha wakulima wa zabibu. Kikundi chenye desturi ya kukutana kina faida kubwa kuliko kamati mpya iliyoundwa kwa ajili yenu. Hata hivyo, kumbukeni kwamba kaya maskini kuliko zote mara nyingi hazimo katika VICOBA, kwa kuwa hazina fedha ya kununua hisa. Hivyo mwombeni balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa kitongoji awaonyeshe nyumba zilizosahauliwa.

Katika kikao cha kwanza, wanafunzi wasikilize zaidi ya kusema. Acheni wanakikundi wataje wenyewe yanayowasumbua, kisha wachague jambo moja, au mawili yakizidi sana. Chuo kinaweza kuwa na orodha ndefu ya mada, lakini mama anayepewa maagizo kumi kwa siku moja hatatekeleza hata moja, na hilo si kosa lake.

Mambo ya kuchagua hayakosekani. Katika nyumba za tembe, yaani za asili zenye paa bapa la udongo, na nyingine zenye sakafu ya udongo, papasi, ambao ni aina ya kupe, hujificha mchana katika nyufa za sakafu na kuta, hutoka usiku kuuma watu waliolala, kisha hurudi mafichoni, na wanaweza kueneza homa ya papasi. Homa hiyo huja, hupoa, kisha hurudi tena. Watu wengi huidhania kuwa malaria, na kwa mama mjamzito inaweza kuharibu mimba au kusababisha mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Ziara nzuri ya jambo hili huanza kwa swali la kawaida, kwa mfano, "Mama, usiku mnalala upande gani, na wadudu wanawasumbua?" Kisha, kwa ruhusa yake, mwanakikundi na mwanafunzi huangalia pamoja nyufa zilizo karibu na mahali pa kulala. Kuziba nyufa kwa udongo uliosindiliwa vizuri, kulala juu ya kitanda na kukisogeza mbali na ukuta ni mambo yanayoweza kuanza wiki hiyo hiyo, na kikundi kinaweza kupanga zamu ya kuwasaidia wazee kukandika sakafu zao.

Katika maeneo ya zabibu kama Hombolo na Mpunguzi, angalieni mahali viuatilifu vinapohifadhiwa. Dawa ya kunyunyizia mizabibu haipaswi kukaa chini ya kitanda wala karibu na chakula, na dumu lake lisitumike kamwe kuchotea maji, hata likisuguliwa namna gani. Kwa mahindi na karanga, sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, ni jambo la uzito mkubwa, kwani mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sisitizeni kuanika mazao juu ya turubai badala ya ardhi tupu, na kuchambua punje zilizoota ukungu au kuvunjika, kwa maana kupika hakuondoi sumu hiyo. Usafi wa uso wa mtoto, unaopunguza trakoma (ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha), choo chenye mfuniko na jiko lenye njia ya kutolea moshi navyo vina nafasi yake, iwapo kikundi kitavichagua.

Ushauri wote ulingane na maji yaliyopo. Wakati wa kiangazi, familia inayonunua maji kwa ndoo haiwezi kuambiwa inawe kana kwamba ina bomba uani. Kibuyu chirizi, yaani chombo kinachoning'inizwa na kutiririsha maji kidogo kidogo ya kunawa, chenye sabuni iliyofungwa kwa kamba, hutumia maji kidogo sana. Kuanzia Desemba, mvua zikianza, watu huwa shambani asubuhi, hivyo ziara zifanyike alasiri.

Mwanafunzi asiingie nyumbani kwa mtu peke yake. Aende na mwanakikundi anayefahamika hapo, awasalimu wazee kwa shikamoo, au "mbukwenyi" kwa Wagogo, akae anapoonyeshwa, na aombe ruhusa kabla ya kusogelea jiko au chumba cha kulala. Asipige picha wala kuandika jina bila ridhaa, kwa kuwa taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Vilevile asigawe dawa, kwa maana bado hana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Akikuta mtoto ambaye kifua chake kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au mjamzito mwenye homa, ampigie simu mkufunzi na kuhakikisha mgonjwa anafika kituoni siku hiyo hiyo.

Makabidhiano yaanze mapema. Katika wiki mbili za mwisho, wanakikundi waongoze ziara na wanafunzi wafuate nyuma. Daftari libaki kwa katibu wa kikundi, likiwa na mambo yanayoonekana kwa macho tu, kama nyufa zilizozibwa au kibuyu chirizi kilichofungwa. Habari za ugonjwa zipelekwe zahanati. Kundi jipya la wanafunzi likija, lisome daftari hilo pamoja na katibu na kuanza na nyumba zilizokwama, kabla ya kuongeza nyingine yoyote.