Somo: Mama aliugua saratani ya mlango wa kizazi, je, nami itanipata?

Juzi hapa Moshi dada mmoja wa miaka 34 alikaa kwenye benchi la kliniki, kadi ameikunja mpaka imechakaa, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Sista, hii si ni ya ukoo wetu? Mama alikufa nayo, mama mdogo naye." Hakuwa amewahi kupimwa hata mara moja. Aliona kupima ni kwenda kusomewa hukumu. Somo hili ni lake, na la wengine wenye hofu kama yake.

Hatua ya 1: Jua kinacholeta ugonjwa

Saratani hii hairithiwi kama kihamba, lile shamba la ukoo. Karibu zote huletwa na kirusi cha HPV, jambo lililompa Harald zur Hausen Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina za HPV ni zaidi ya 200, za hatari ni kama 14, na mbili tu, ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Wanawake wengi hukipata kirusi hiki, na kwa walio wengi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili. Hatari iko kwa yule ambaye kirusi kimeng'ang'ania mwilini mwake miaka mingi.

Hatua ya 2: Jua unachorithi

Hapa ndipo vinasaba vinapoingia. Fikiria muuza maharage pale soko la Mbuyuni: juu ya gunia huweka sahani yenye konzi moja, mteja ajue kilichomo ndani. Seli zetu hufanya vivyo hivyo. Huweka nje vipande vya vilivyomo ndani yake, askari wa mwili wakipita wavikague. Sahani hizo hutengenezwa na jeni ziitwazo HLA, nazo hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Sahani yako ikivishika vizuri vipande vya HPV, askari wanastuka mapema. Isipovishika, wanapita tu, na kirusi kinabaki. Kundi moja la jeni hizo, DRB1*13, limeonekana mara nyingi kuambatana na hatari ndogo.

Mwaka 1999 watafiti wa Uswidi waliwalinganisha ndugu wa damu na ndugu wa kulelewa pamoja. Mama na dada wa damu wa wagonjwa walikuwa na hatari karibu mara mbili ya kawaida, ila wale wa kuasili hawakuwa nayo. Kwa hiyo damu ina neno lake. Lakini mara mbili ya hatari ndogo si hukumu, na nililirudia hilo kwa yule dada mpaka akaweka kadi chini.

Hatua ya 3: Uliza nyumbani

Muulize shangazi au mama mkubwa: ilikuwa ya mlango wa kizazi kweli, au ya titi, au ya mfuko wa uzazi? Aliugua akiwa na miaka mingapi? Andika.

Hatua ya 4: Nenda ukapimwe

Kwa wanawake wengi uchunguzi huanza miaka 30, kwa anayeishi na VVU miaka 25. Kwenye vituo vyetu vingi hutumika siki: muuguzi hupaka mlango wa kizazi kwa pamba, husubiri dakika moja, kisha huangalia kwa taa. Palipobadilika hugeuka peupe. Mara nyingi hapo hutibiwa kwa kugandishwa au kuunguzwa kwa joto, kabla haijawa saratani. Beba kanga yako. Yule dada alitoka baada ya dakika chache akasema, "Kumbe ni hivi tu?"

Maswali ya wanachama

*Shikamoo sista. Niko Kiborloni. Bibi na mama waliugua, binti yangu ana miaka 11. Chanjo itamsaidia, au damu imeshaamua?*

Marahaba mwanangu. Itamsaidia sana. Chanjo huandaa kinga ya kukidaka kirusi kabla hakijaingia kwenye seli. Mkoa wetu wa Kilimanjaro ulianza nayo kwa majaribio mwaka 2014, nchi nzima ikafuata 2018. Mpeleke. Akiwa mkubwa apimwe pia, kwani chanjo haizuii aina zote.

*Je, nikapime vinasaba?*

Hapana. Hakuna kipimo cha HLA kitakachobadilisha tiba yako. Hela hiyo iwe nauli ya kwenda kupima HPV au siki.

*Kwetu hakuna aliyeugua, ila natumia dawa za VVU. Nina haja?*

Unayo, kuliko hata wenye historia kwenye ukoo. Hatari kwa anayeishi na VVU ni kama mara sita. Endelea na dawa bila kuruka, na uulizie uchunguzi siku yako ya kliniki.

*Nimekutwa na HPV. Mume anasema nimetoka nje ya ndoa.*

Pole sana mdogo wangu. Kirusi hiki huweza kukaa kimya miaka mingi, tangu kabla hamjajuana. Kipimo hakisemi kiliingia lini wala kwa nani. Akikataa kukusikia wewe, njoo naye, nitamweleza mwenyewe.