Kuvuka Horohoro kwa pikipiki: safari ya kwanza ya vumbi kutoka Mombasa hadi Usambara

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye pikipiki ya cc 125 hadi 250, anayejua lami na vumbi kidogo, na ambaye hajawahi kuitoa pikipiki yake Kenya. Njia ni Mombasa, mpaka wa Lunga Lunga (upande wa Tanzania unaitwa Horohoro), Tanga, Amani, Lushoto, kisha kurudi. Tenga siku sita. Anayeota Moyale na jangwa la njiani kwenda huko aanze na hii kwanza: ukikwama Muheza kuna fundi, kuna chai, na kila unayemuuliza anakuelewa.

Hatua ya 1: Miezi

Juni hadi Septemba, au Januari na Februari. Masika usijaribu. Vuli ni bahati yako.

Hatua ya 2: Karatasi

Safari nyingi hufia hapa, tena hufa wiki mbili kabla ya kuondoka na mwenyewe hajui. Anza na pikipiki, ofisi baadaye. Chukua logibuku, tochi, kitambaa chenye mafuta ya taa na mswaki wa zamani. Namba ya chasisi imepigwa kwenye shingo ya usukani. Namba ya injini iko chini kwenye kasha la injini, mara nyingi imefunikwa na grisi na vumbi la miaka. Safisha mpaka isomeke. Usitumie msasa wala patasi: namba iliyoparuzwa inaonekana kama iliyochezewa, na hakuna afisa wa forodha atakayekusikiliza ukieleza kwamba ulikuwa unasafisha.

Sasa soma herufi moja moja ukilinganisha na logibuku. Kosa la kawaida ni sifuri kuandikwa O, au moja kuandikwa I. Namba ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17 haina kamwe I, O wala Q, kwa hiyo ukiona mojawapo kwenye logibuku, jua aliyechapa alikosea. Kosa la herufi moja linarekebishika NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, ukiwa na muda. Ukiwa kaunta ya Horohoro saa nne asubuhi halirekebishiki.

Namba ya injini ndiyo inayoumiza zaidi. Pikipiki nyingi za mkono wa pili hapa pwani zimebadilishwa injini: ya kwanza ilikufa, fundi akatia nyingine kutoka pikipiki iliyogongwa, na hakuna aliyebadilisha kumbukumbu. Hapa Mombasa utaendesha miaka mitano bila kuulizwa. Mpakani, namba ya injini inaandikwa kwenye kibali cha kuingiza chombo. Kama haifanani na logibuku, sajili mabadiliko kwanza, ukiwa na risiti ya ilikotoka injini. Kama risiti hiyo haipo na muuzaji hajulikani, azima pikipiki nyingine kwa safari hii. Ni ushauri mchungu, ila wa bei nafuu.

Pikipiki ya kuazima, ya kampuni au ya mkopo inahitaji barua. Barua itaje jina lako na namba ya pasipoti, namba ya usajili, chasisi na injini, nchi unayoingia na tarehe za kwenda na kurudi, na isainiwe mbele ya wakili. Ya mkopo ina jina la mkopeshaji kwenye logibuku, kwa hiyo barua itoke kwake. Ahadi ya mdomo ya afisa mikopo haivuki mpaka. Logibuku ya kaka yako nayo inahitaji barua, hata kama mnafanana uso.

Vitu vingine kwenye bahasha:

- Pasipoti. Mkenya hahitaji viza. Usipange safari kwa kutegemea kitambulisho cha taifa peke yake.
- Leseni yenye daraja la A2.
- Kadi ya njano ya COMESA (soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), yaani bima ya kuvuka mpaka, kutoka kwa kampuni yako ya bima. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imo kwenye mpango wa kadi hii. Hakikisha Tanzania imetajwa na tarehe zinazidi siku ya kurudi kwa siku tatu hivi. Kadi inalipia madhara utakayomsababishia mwingine. Pikipiki yako ikiibiwa au ikipasuka, ni juu yako.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho nacho ni cha njano. Afisa wa afya akisema "kadi ya njano" usimpe ya bima. Chanjo inaanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa mkesha wa safari hakusaidii.
- Nakala tatu za kila kitu, na picha kwenye simu.

Hatua ya 3: Pikipiki

Kwa safari ya kwanza, chaguo bora ni Honda XR150L au mfano wake: nyepesi, ya kabureta, tangi la lita 12, gurudumu la mbele inchi 19. Boxer 150 inafika pia, na faida yake ni kwamba spea zake ziko kila kijiji pande zote mbili za mpaka. Pikipiki kubwa ya kilo 200 ni nzuri picha ikipigwa. Ikilala kwenye tope la Amani utaiinua na nani?

Ukienda na Boxer, shughulikia madigadi ya mbele kabla ya kitu kingine. Iko karibu sana na tairi. Udongo mwekundu uliolowa hunata kwenye tairi, hujaa chini ya madigadi na kulizuia gurudumu lisizunguke, na hapo unaruka wewe. Ipandishe sentimita nne kwa vipande vya bomba na bolti ndefu, au ivue mkianza kupanda mlima.

Tairi: ya meno ya kati, mbele na nyuma. Meno makubwa kabisa yanakwisha kwenye lami kabla hujafika Korogwe, maana zaidi ya nusu ya safari hii ni lami.

Badilisha oili, safisha chujio la hewa, kaza spoki, weka pedi mpya za breki. Cheni iwe na mlegeo wa milimita 25 hadi 35 ukiwa umepakia mizigo. Ikikazwa wakati pikipiki ni tupu, ukipakia inabana na kula beringi. Waya mpya wa klachi upitishe leo sambamba na ule unaotumika na uufunge kwa tepu. Wa zamani ukikatika, unachomeka ncha mbili tu na kuendelea, badala ya kuvua tangi chini ya jua.

Hatua ya 4: Pancha, ukiwa nyumbani

Toa tairi ya nyuma mwenyewe, mara mbili, uani kwako, kwa zana zilezile utakazobeba. Mara ya kwanza itakuchukua saa moja na nusu na kidole kitavuja damu. Mara ya pili, dakika arobaini.

Siri yote iko katikati ya rimu. Sehemu ya katikati ni ya chini kuliko kingo, na ukingo wa tairi ukisukumwa humo kwa magoti upande mmoja, upande wa pili unalegea na leva inaingia kwa mkono mmoja. Ukiona unatumia nguvu, ukingo umetoka humo. Acha, sukuma tena. Anayelazimisha hutoboa tyubu mpya kwa leva yake mwenyewe. Paka maji ya sabuni. Tyubu itie hewa kidogo kabla ya kuiingiza, ishike umbo tu, isijikunje. Kabla ya hayo pitisha vidole polepole ndani ya tairi kutafuta mwiba: mwiba wa mgunga hupenya na kukatikia ndani, na tyubu mpya itadumu kilomita moja.

Tundu moja ni mwiba au msumari. Matundu mawili yaliyokaa sambamba yanamaanisha tyubu ilibanwa kati ya jiwe na rimu, yaani hewa ilikuwa ndogo mno. Tia hewa ya pauni 28 kwenye lami, 20 kwenye vumbi lenye mawe. Usishuke chini ya 18 ukiwa na mizigo.

Beba tyubu mbili. Ya inchi 17 utaipata popote. Ya 19 ndiyo utakayoililia, kwa hiyo ya mbele usiikose. Beba na pampu ya mkono. Vile vichupa vya gesi acha dukani: vikiisha vimeisha.

Hatua ya 5: Mizigo

Kilo 15, mwisho. Mifuko laini miwili ya pembeni na mmoja wa nyuma. Masanduku ya chuma hukatiza mguu ukianguka, na begi la mgongoni hukuchosha mabega na kukupandisha uzito juu. Kwa kufungia hakuna kinachoshinda vipande vya tyubu kuukuu vilivyokatwa virefu, kama wanavyofunga magunia watu wa boda. Lastiki zenye kulabu hukatika, na kulabu hulenga macho.

Usifunge nguo kwenye mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019, na mpakani wanaiangalia.

Zana: spana za ekseli zote mbili (jaribu kila moja kwenye nati yake kabla ya kuipakia), 8, 10, 12, 14, ya plagi, koleo, kiungo cha cheni, plagi, wenzo mmoja wa klachi, waya wa kufungia, gundi ya chuma. Kisha jaza kila kitu na uende Kinango siku nzima kwenye njia za vumbi. Kinachogonga, kinacholegea na kinachokuumiza makalio utakijua jioni hiyo.

Hatua ya 6: Siku ya mpaka

Ondoka saa kumi na moja alfajiri. Jaza mafuta Ukunda. Likoni hadi Lunga Lunga ni kama kilomita 100, lami tupu.

Mpaka huu ni wa kituo kimoja: unahudumiwa na nchi zote mbili upande unaoingia. Ukienda, shughuli zote ni Horohoro. Ukirudi, Lunga Lunga. Fuata mpangilio huu: afya, uhamiaji wa Kenya, uhamiaji wa Tanzania, forodha ya Kenya, forodha ya Tanzania, geti. Wageni hukosea kwenye forodha ya Kenya. Pasipoti ikishagongwa mihuri miwili mtu huona amemaliza, akaipita kaunta hiyo, na pikipiki ikatoka nchini bila kuandikwa.

Forodha ya Tanzania watakuuliza "kadi". Wanamaanisha logibuku. Utapewa kibali cha kuingiza chombo kwa muda, na pikipiki iliyosajiliwa Kenya haihitaji kaneti, ile hati ya dhamana ya forodha ya kuvusha chombo. Mawakala watakufuata kabla hujavua helmeti. Kumtumia mmoja si vibaya mara ya kwanza, ila patana bei ya kazi yote kwanza, na kila ada ya serikali iwe na risiti yake. Kabla ya kuondoka kaunta, soma kibali: jina, namba ya usajili, chasisi, injini, tarehe ya mwisho. Omba siku zaidi ya unazohitaji. Kosa likionekana hapo linafutwa kwa dakika mbili.

Salamu kwanza, haja baadaye. Pwani yetu tunajidai waungwana, lakini Tanzania anayeanza na "nataka" anasubiri. Askari ni "afande", mtu mzima "shikamoo".

Badilisha pesa kidogo tu, hesabu noti mwenyewe kabla ya kutoa zako. Shilingi moja ya Kenya huzunguka 20 za Tanzania, na sifuri nyingi zinachanganya.

Hatua ya 7: Barabara

Horohoro hadi Tanga ni lami. Kila kijiji kina kikomo cha kilomita 50 kwa saa, na trafiki wenye kamera hukaa kivulini mahali ambapo kijiji kinaonekana kimekwisha. Hakijaisha mpaka uone kibao cha kufuta kikomo. Lala Tanga.

Siku ya pili, Muheza hadi Amani. Jaza mafuta Muheza. Kituo cha mafuta huko ni "sheli". Vumbi linaanza kwenye njia hii, kama kilomita 30 na kitu za kupanda hadi kwenye mashamba ya chai. Simama kwenye vikanyagio, magoti yashike tangi, mikono ilegee. Piga honi kila kona: lori la chai halitarajii mtu. Mvua ikinyesha, simama na usubiri jua. Kushuka kwenye udongo uliolowa tumia gia ya pili na breki ya nyuma kwa kugusagusa. Breki ya mbele ikishika kwenye udongo huo umelala.

Siku ya tatu rudi Muheza, pita Korogwe hadi Mombo, panda lami ya kona kali kilomita 33 hadi Lushoto. Lala usiku mbili. Siku ya nne acha mizigo yote chumbani na upande Mtae na pikipiki tupu, zana na maji tu. Ndiyo vumbi tamu kuliko yote katika safari hii, na bila mizigo utaiendesha ipasavyo. Njia inaishia kwenye ukingo wa mlima, chini yake tambarare ya Mkomazi. Ramani ya simu inaweza kukushawishi ushuke ukakatize humo kuelekea Kenya. Mkomazi ni hifadhi ya taifa, na pikipiki hairuhusiwi.

Hatua ya 8: Kurudi

Rudi njia ileile hadi Lunga Lunga, au pitia Same, Holili, Taveta na Voi ukiwa na siku ya ziada. Vyovyote vile, kibali lazima kifungwe na forodha ya Tanzania kabla ya geti. Usipofanya hivyo, kwenye mfumo wao pikipiki yako bado iko Tanzania, na safari ijayo utaulizwa iliingiaje tena. Mwombe afisa akuonyeshe kuwa kimefungwa, piga picha ya karatasi iliyogongwa muhuri, kisha forodha ya Kenya nayo iandike kwamba pikipiki imerudi. Ukifika nyumbani fungua chujio la hewa kabla ya kuosha pikipiki: vumbi la Mtae likichanganyika na maji humo ndani linaganda.