Jinsi ya kuomba msaada wa FEMA baada ya maafa, na maneno utakayokutana nayo njiani

Barua ilikuwa imekunjwa mara nne na kufichwa ndani ya Biblia. Mwenyewe ni mama wa Uvira, Kongo, anayeishi Marekani, na siku ile alikuwa ameniita nimsaidie fomu za shule za mtoto. Alipofungua Biblia kutafuta cheti cha ubatizo, barua ikaanguka mezani. Ilitoka FEMA, shirika la serikali kuu ya Marekani linaloshughulikia dharura na maafa, na juu kabisa palikuwa na neno "ineligible". Kijana wake ndiye aliyemtafsiria: "Mama, wanasema hustahili." Mama akanyamaza, akaacha.

Niliposoma hadi ukurasa wa pili nikakuta walichokuwa wanakitaka: karatasi moja tu ya kuthibitisha kwamba aliishi katika ile nyumba kabla ya mafuriko kuingia. Bili ya umeme ingetosha. Zilikuwa zimebaki siku tisa za kukata rufaa.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaeleza Waswahili wenzangu walioko huku hatua hizi pamoja na maneno yake, kwa sababu watu wetu wengi hawanyimwi msaada kwa kukosa haki, wanaukosa kwa kutoelewa neno. Na kosa si letu peke yetu. Baada ya tufani Merbok kuipiga Alaska ya magharibi mwezi Septemba 2022, wenyeji wa huko walipelekewa karatasi za FEMA ambazo eti zimetafsiriwa kwa lugha zao, kumbe ndani yake mlikuwa na maneno yasiyo na maana yoyote. Kwa hiyo hata karatasi ikija kwa Kiswahili, isome na Kiingereza chake pembeni.

Kwanza hakikisha kuna tangazo, na kaunti yako imo

FEMA haiji kwa sababu tu nyumba yako imebomoka. Gavana wa jimbo huomba, na rais hutia saini tangazo chini ya Sheria ya Stafford ya mwaka 1988. Matangazo ni ya aina mbili. Tangazo la dharura hutolewa haraka, mara nyingine hata kabla kimbunga hakijafika, na kazi yake hasa ni kuokoa maisha. Tangazo la maafa makubwa ndilo linaloweza kufungua mlango wa fedha kwa familia.

Nasema linaloweza, kwa sababu ndani yake kuna mafungu mawili ambayo watu huyachanganya. Msaada kwa umma hulipia barabara, madaraja, majengo ya serikali na uzoaji wa vifusi. Msaada kwa watu binafsi ndio wako wewe. Kaunti inaweza kupewa la kwanza bila la pili. Tarehe 10 Agosti 2020 dhoruba ya upepo iitwayo derecho iliipiga Cedar Rapids, Iowa, kwa kasi iliyokadiriwa kufika maili 140 kwa saa. Wakimbizi, wakiwemo Waafrika, walilala kwenye mahema nje ya fleti zao zilizobomoka. Tangazo la maafa lilitoka wiki iliyofuata, lakini msaada kwa watu binafsi katika kaunti ya Linn uliidhinishwa siku chache baadaye. Aliyeuliza mapema mno akaambiwa hakuna, akakata tamaa, alipaswa kuuliza tena.

Kila maafa hupewa namba. Ya Iowa ilikuwa DR-4557. Iandike namba ya kwenu mahali utakapoiona, utaihitaji mpaka mwisho.

Piga picha, ipigie simu bima

Kabla hujafagia tope, piga picha. Ukuta wenye alama ya maji, godoro lililolowa, jokofu, paa. Usisubiri mkaguzi ndipo uanze kusafisha, kuvu haisubiri, lakini picha zitangulie.

Kama una bima, fungua madai yako leo. Sheria inakataza kulipwa mara mbili kwa hasara ileile, kwa hiyo FEMA watataka barua ya bima inayoonyesha wamelipa nini na wamekataa nini. Hata hivyo usingoje jibu la bima ndipo uombe FEMA, maana muda unakwenda. Wengi pia hushtuka kugundua kwamba bima ya kawaida ya nyumba hailipii mafuriko. Hiyo ni bima ya peke yake.

Nani anaweza kuomba

Haihitajiki kila mtu nyumbani awe na uraia. Anatosha mmoja katika kaya, hata mtoto mdogo aliyezaliwa Marekani, awe raia au mwenye hadhi ya uhamiaji inayokubalika, na awe na namba ya Social Security, yaani namba ya hifadhi ya jamii. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi yumo, aliyepewa hifadhi yumo, mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu yumo. Mzazi asiye na karatasi anaweza kuomba kwa niaba ya mtoto wake aliye raia. Lakini kumbuka FEMA iko chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani, wizara ileile inayosimamia uhamiaji. Mwenye wasiwasi juu ya hili azungumze kwanza na wakili. Baada ya maafa makubwa huwepo huduma ya bure ya kisheria kwa wasio na uwezo, na ukiomba uunganishwe nayo kwenye kituo cha msaada utaelekezwa.

Neno kaya nalo lina mtego. Kwetu ndugu ni ndugu, lakini fomu inataka waliokuwa wakiishi chini ya paa moja siku ya maafa. Kaya moja, ombi moja. Mume akiomba na mke naye akaomba kwa anwani ileile, maombi yote mawili hukwama. Wapangaji wenza wasio familia wao huomba kila mmoja kwa jina lake.

Nyumba iwe ndiyo unayoishi sehemu kubwa ya mwaka. Na mpangaji ana haki ya kuomba kama mwenye nyumba: hatalipwa matengenezo ya jengo, lakini anaweza kusaidiwa kodi ya mahali pengine na vitu vyake vilivyoharibika.

Kuomba kwenyewe

Njia ni nne: tovuti ya DisasterAssistance.gov, programu ya FEMA kwenye simu, namba 1-800-621-3362, au kwenda mwenyewe kwenye kituo cha msaada wa maafa, ambacho kwa kawaida hufunguliwa katika maktaba, shule au ukumbi ulio karibu. Mimi huwashauri wasiokisoma Kiingereza vizuri wapige simu au waende kituoni. Kwenye simu taja tu neno "Swahili" na usikate wakati wanatafuta mkalimani. Ukimya wa dakika kadhaa si dalili kwamba wamekuacha. Tafadhali usimtumie mtoto kama mkalimani. Mtoto hajui maneno haya, na si haki kumbebesha mzigo wa kumwambia mama yake kwamba amekataliwa.

Uwe na vitu hivi mkononi: namba ya Social Security, anwani ya nyumba iliyoharibika pamoja na namba ya fleti, mahali unapolala sasa, simu inayopatikana, mapato ya mwaka ya kaya nzima, jina la kampuni ya bima kama ipo, na namba mbili za benki kwa ajili ya kuwekewa fedha. Hizo za benki huandikwa chini ya hundi: kushoto ile ya tarakimu tisa inayoitambulisha benki, kisha ya akaunti yako.

Hapa kwenye jina nakuomba utulie. Wengi wetu tuliotoka Kongo au Burundi hatuna jina la ukoo la familia nzima. Baba ana lake, mama lake, kila mtoto lake. Afisa wa kambini ndiye aliyeamua lipi liwe la mwisho, na wengi walipewa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa. Ukijaza jina kama unavyojiita nyumbani, kompyuta itasema hujulikani. Chukua kadi ya Social Security, iweke mbele yako, nakili herufi kwa herufi, kwa mpangilio uleule, hata kama kuna herufi walikosea. Siku ya kuzaliwa iwe ile iliyo kwenye karatasi zako.

Ukimaliza utapewa namba ya maombi yenye tarakimu tisa. Usimpe mtu. Muda wa kuomba kwa kawaida ni siku 60 tangu tangazo. Ukichelewa, unaweza bado kuomba kwa kueleza sababu, lakini usiitegemee nafasi hiyo.

Usikubali maneno ya mtaani kuhusu dola 750. Machi 2024 FEMA ilianzisha malipo ya haraka ya mahitaji ya lazima, kama chakula, maji na maziwa ya mtoto. Yalianza kwa dola 750, yakawa 770 kwa maafa yaliyotangazwa kuanzia Oktoba 2024. Baada ya kimbunga Helene ilivumishwa kwamba hicho ndicho kiasi chote, na kwamba ni mkopo. Yote mawili si kweli. Ni malipo ya mwanzo, na hayarudishwi. Mkopo ni ule wa SBA, shirika la biashara ndogo, ambalo licha ya jina lake hukopesha pia wenye nyumba na wapangaji kwa riba nafuu.

Mkaguzi

Simu yake inaweza kuja kwa namba usiyoijua. Ipokee. Ndugu wengi hupuuza namba ngeni kwa kuogopa matapeli, halafu faili linaandikwa kwamba mwombaji hapatikani.

Mkaguzi wa kweli huvaa kitambulisho chenye picha, haombi hata senti, na namba yako ya tarakimu tisa tayari anayo, hana sababu ya kukuuliza. Mtembeze kila chumba. Mwonyeshe tanuri la kupasha joto nyumba, kisima, choo, mlango usiofunga. Mwambie nani hulala wapi. Yeye hurekodi tu anachokiona, haamui, kwa hiyo akiondoka bila kusema neno zuri wala baya usitafsiri uso wake.

Barua, na rufaa

Narudi kwenye neno la yule mama. "Ineligible" katika barua hizi mara nyingi maana yake ni "bado hatuna cha kutosha kukubali". Tafuta aya inayotaja sababu. Utambulisho haujathibitishwa, ukaaji haujathibitishwa, barua ya bima haijaletwa, mkaguzi hakukupata, au uharibifu umeonekana mdogo na nyumba inakalika. Kila sababu ina karatasi yake ya kuijibu: bili, mkataba wa kupanga, barua ya shule au ya mwajiri yenye anwani, makadirio ya fundi, picha.

Una siku 60 tangu tarehe iliyoandikwa kwenye barua, si tangu ulipoifungua. Unaweza kupakia karatasi kwenye akaunti yako mtandaoni, kuzipeleka kituoni, kuzituma kwa faksi 1-800-827-8112, au kwa posta: FEMA, P.O. Box 10055, Hyattsville, MD 20782-8055.

Jioni ile tulikaa mezani jikoni kwake. Bili ya umeme ilikuwa kwenye simu ya kijana, tukaichapisha maktaba asubuhi yake. Kila ukurasa tuliandika juu jina lake kamili, namba ya maombi na namba ya maafa, kwa sababu kurasa zikiachana ofisini, jina na namba hizo ndizo zitakazojulisha ni za nani. Maelezo yalikuwa mistari minne: niliishi hapa tangu mwezi fulani, hii ni bili ya mwezi wa mafuriko, naomba mpitie tena ombi langu la kodi ya nyumba. Tukabaki na nakala. Barua ya pili ilikuja na jibu jingine, na mwezi huo akahama kutoka sebuleni kwa dada yake.

Fedha zikifika

Zitumie kwa lile lililoandikwa kwenye barua. Za kodi ya nyumba zilipie kodi ya nyumba, za matengenezo zitengeneze nyumba, la sivyo wanaweza kudai zirudishwe. Hazikatwi kodi ya mapato, wala hazikuondoi kwenye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, au stempu za chakula. Ukihama, badilisha anwani na simu yako kwao siku hiyohiyo, kwani barua za baadaye zitafuata anwani iliyo kwenye faili. Risiti zote zihifadhi miaka mitatu, katika bahasha moja pamoja na barua zao.